Kituo Kisicho na Mtoto

Hollis Fork, Nebraska
8 Novemba 2009

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na ninaomba kwamba huko kwenye jua lenu la jangwani goti lako limepunguza ukorofi, na kwamba Joel anakupeleka kwa daktari bila kubembelezwa. Huku kwetu baridi imeingia bila hata kupiga hodi. Nusu ya mahindi imevunwa, nusu bado imesimama shambani kwa sababu ya mvua, na wakulima wanatembea mjini na nyuso za watu waliofiwa. Anton alinipigia juzi, anakusalimu sana, anasema mwanawe mdogo ameota jino la kwanza na tayari ameshamng'ata mbwa.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Nimeinua simu mara kadhaa nikairudisha mahali pake. Unajua ugonjwa wetu wewe na mimi, sauti zetu ni moja. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akipiga kutoka kazini ananiita mpenzi wake kabla sijapata nafasi ya kumwambia ni mimi. Niliogopa kwamba nikisikia sauti yangu mwenyewe ikinijibu kutoka huko, nitashindwa kusema nililo nalo. Kwa hiyo tafadhali kaa kwanza, uweke mguu wako juu ya kigoda, usome taratibu.

Utakumbuka nilipokuambia kwamba nimepata kazi katika wilaya hii ya shule, ulinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha ukaniuliza kama zile shule za chumba kimoja bado zipo. Nikakujibu kwamba zote zimefungwa. Ukasema afadhali, ukaanza kuniuliza habari za mapazia. Tulijua kwamba kabla hujaolewa ulifundisha huko vilimani, lakini hukututajia ni kilima gani, nasi hatukuuliza. Watoto hudhani maisha ya mama yao yalianza siku walipozaliwa wao.

Kazi yangu, kama unavyojua, ni kusimamia elimu maalumu. Mwaka huu ni zamu ya wilaya yetu kujitathmini. Jimbo hututumia maswali kama tunatimiza sheria: je, kila mtoto mwenye ulemavu ana mpango wake wa masomo, je, wazazi waliitwa kikaoni, je, mnawatafuta watoto ambao hawajafika shuleni. Baada ya hapo hakuna anayekuja. Tunajiuliza wenyewe, tunajibu wenyewe, tunajipa alama wenyewe, kisha tunatia sahihi na kupeleka. Nyani haoni kundule, na sisi tumepewa kioo tujishikie. Bwana Lindgren, mkurugenzi wetu, ni mtu mkubwa mwenye roho nzuri na haraka nyingi, na siku ya kujipa alama huigeuza kuwa karamu ya maharage ya pilipili na mikate ya mdalasini. Kila swali likisomwa anatutazama kama mtu anayesubiri dua iishe ale. Tumetimiza, tunasema sote, na alama inawekwa.

Tulipofika kwenye swali la kuwatafuta watoto, Ruthann, karani wetu wa miaka mingi, alitoa tangazo tunalolichapisha kila vuli gazetini na kulibandika kwenye ghala la nafaka, makanisani na maktaba. Linauliza kama kuna anayemfahamu mtoto asiyesoma kwa sababu ya ulemavu, na kumwomba atupigie simu. Mimi, kwa ule ubishi wangu ambao ulishindwa kuutoa kwa fimbo, nikauliza kama yupo aliyewahi kupiga. Watu wakaanza kukoroga vikombe vyao. Ruthann akasema yupo mmoja. Kila vuli, tangazo likitoka tu, sauti ya bibi kizee hupiga na kusema kwamba mnatafuta watoto, basi mimi ninaye mmoja, anaitwa Delmar Kolterman. Ruthann humshukuru na kukata simu.

Nikamuuliza kwa nini anakata. Alinitazama kwa huruma, nafikiri kwa sababu mimi ni mgeni. Akasema, "Dada Corinne, Delmar Kolterman aliganda akafa kwenye theluji ile kubwa ya sabini na tano. Alikuwa getini kwao anasubiri basi. Mtu mzima gani hapa hajui hilo?" Akaongeza kwamba mama mtu akili ilimruka tangu siku hiyo na hafiki mjini. Bwana Lindgren alisema kwa upole kwamba sheria inahesabu walio hai, wa miaka mitatu mpaka ishirini na mmoja, kwa hiyo niweke alama tule. Nilisema nitaiweka kesho, wakacheka, wakala.

Kesho yake lilikuwepo swali la usafiri, na lazima mtu mmoja apande lile basi dogo la watoto wetu na kuona kama wanabebwa inavyopasa. Nilipanda mimi. Dereva ni Lavern Hruby, mzee mwembamba mwenye utani wa kukausha mate. Aliponiona nimekaa na kalamu yangu akaniambia, "Karibu bosi. Ukiona tairi limekaa vibaya usiliandike, limezeeka kama mimi." Watoto walikuwa saba. Kiti cha mbele, nyuma ya mlango, kilikuwa kitupu, na nilipotaka kukikalia mvulana mmoja mwenye miwani akanivuta mkono, akaniambia hicho kina mwenyewe. Nikarudi nyuma.

Tulikwenda mpaka barabara ya changarawe ikawa njia ya mchanga. Hakukuwa na nyumba, ni vilima na ng'ombe tu. Kisha basi likapunguza mwendo kando ya geti lililofunikwa na safu ya mierezi mizee, likasimama, na Lavern akafungua mlango. Baridi ikaingia. Hakuna aliyepanda. Lavern akasema habari ya asubuhi kwa sauti ya kawaida kabisa, akiuelekea ule uwazi. Watoto, ambao njia nzima walikuwa wakipiga kelele za kupasua masikio, walinyamaza wote. Msichana mmoja aitwaye Tessa, ambaye tangu azaliwe hajasema neno, alinyosha mkono akapangusa kile kiti kitupu, kama unavyomfutia mgeni mahali pa kukaa, halafu akaipungia mierezi. Lavern akasikiliza kidogo, akafunga mlango, tukaondoka. Kelele zikarudi.

Nilivumilia mpaka watoto wakashuka shuleni, ndipo nikamuuliza Lavern kile ni kitu gani. Alijibu kwamba ni kituo cha Kolterman. Nikamwambia Kolterman hana mtoto. Akasema yeye hajui, hajawahi kumwona mtu pale. Mzee aliyemwachia basi alimwonyesha njia, na alipofika pale akamwambia afungue mlango, asalimie, asikilize, kisha afunge, asubuhi na alasiri. Na yule mzee alikuwa amerithi hivyohivyo. Nikamuuliza kwa nini asiulize sababu. Akanijibu, "Bosi, kuna mambo ukiyauliza unalazimika kuyabeba. Mimi nabeba watoto saba na mgongo mbovu." Alasiri nilipanda tena. Tulisimama palepale, mlango ukafunguliwa ili ashuke asiyekuwepo.

Sikulala vizuri. Siku iliyofuata, baada ya basi kupita, niliendesha gari langu mpaka kwenye geti lile, nikalifungua, nikaingia. Nyuma ya mierezi niliona mchanga umekanyagwa na kushindiliwa mpaka umekuwa mgumu kama sakafu, mahali pa miguu ya mtu mmoja tu. Nilipaangalia, nikaangalia huku na huku, sikuona mtu. Nyumba ilikuwa mbele, nyeupe, rangi ikibanduka.

Aliyenifungulia ni bibi anayekaribia miaka themanini, Addie Kolterman, anayetembea kwa kushika kuta. Akili yake haijaruka popote. Alinikaribisha kahawa, akaniomba radhi kwamba biskuti zimekwisha, akakusanya makombo ya mkate wenye siagi ya karanga uliokatwa pembetatu, kama tunavyowafungia watoto chakula cha shule. Nilijitambulisha kwamba ninatoka ofisi ya shule. Akakaa chini polepole. Akasema, "Mwanangu, miaka yote hii napiga simu. Nyinyi ndio mlioandika kwamba mnatafuta." Nilimuuliza, kwa adabu niliyoweza, kuhusu Delmar, nikitazamia kaburi au picha ukutani. Akaniambia kwamba Delmar hayupo. Yuko shuleni.

Nilimwaga kahawa mezani. Aliona, akanifutia, akanihadithia yote bila haraka.

Delmar alichelewa kusema, na alikuwa na kifafa. Akiwa na miaka saba alikuwa anasoma katika shule ya chumba kimoja iliyoko nyuma ya kilima chao. Siku moja alianguka kifafa darasani, watoto wakaingiwa na hofu, na wazazi watatu waliokuwa wajumbe wa bodi ya shule wakaamua aondolewe. Siku hizo, Mama, sheria iliwaruhusu. Mwalimu alikuwa binti mdogo mwenye jina la Kicheki ambalo Bibi Addie amelisahau, akifundisha mwaka wake wa kwanza. Hakumtuma mtu. Alikuja mwenyewe kwa miguu akiwa amemshika Delmar mkono, analia kuliko mtoto. Pale mlangoni alimfuta kamasi, akamwambia, "Subiri nyumbani, Delmar, mpaka nikuite." Nilimuuliza Bibi Addie kama ana kinyongo naye. Alisema hana, kwa sababu yule alikuwa mtoto aliyeagizwa kumfukuza mtoto.

Asubuhi ya pili Delmar alirudi, lakini hakuingia. Alisimama kwenye pampu ya maji nje ya dirisha akasikiliza mwalimu akiita majina. Mwalimu alipofika mahali pa jina lake alinyamaza kidogo, kisha akaendelea na jina linalofuata. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na siku zote. Delmar akaenda kwa mama yake na furaha, akamwambia kwamba mwalimu hajalifuta jina lake, amelitunza tu, ataliita. Basi akasubiri. Mwaka ulipokwisha mwalimu aliolewa akahama. Akaja mwingine ambaye hakumjua, kisha shule ikafungwa. Ilipokuja sheria mpya na basi dogo, dereva wa kwanza alimfuata mpaka getini. Delmar alikuja mbio, akafika kwenye ngazi ya basi, akageuka. Aliyemwita hakuwa mwalimu wake. Yule dereva, mtu wa watu, akaahidi kwamba atafungua mlango kila siku, huenda kijana akabadili nia. Delmar alipotimiza miaka ishirini na mmoja ofisi ililifuta jina lake, lakini dereva hakukifuta kituo. Habari za kuganda kwenye theluji ni maneno ya mjini tu. Delmar huwakimbia wageni, na mtu asiyeonekana hapa kwetu huzikwa kwa midomo.

Sasa sikiliza linaloniumiza. Bibi Addie ameanguka mara mbili tangu kiangazi. Mwisho wa mwezi huu anahamishiwa nyumba ya wazee mjini, na jirani na hapo ipo nyumba nzuri ya watu wazima kama Delmar. Nimekwenda kuiona. Kuna karakana, kuna bustani, na dirisha la chumba chake lingetazama dirisha la mama yake. Lakini Delmar hakubali kutoka. Watu wa kaunti walikuja na gari, akajificha siku nzima, wakaondoka wakisema watarudi na sherifu na polisi wake. Bibi Addie aliniambia kwamba mwanawe akikamatwa kwa nguvu ataanguka kifafa ndani ya gari, na hatainuka. Alilisema hilo akipanga vijiko.

Nilimuuliza shule iko wapi. Akaninyoshea kidole kwenye dirisha la jikoni.

Nilipanda kilima kwa miguu. Shule ile bado imesimama, Mama. Mlango ulishaanguka zamani, umebaki uwazi mweusi. Lakini majani yamekatwa, ngazi imefagiwa, na vioo vya madirisha vinang'aa kwa nje, wakati kwa ndani vimejaa vumbi na buibui. Mtu amevifuta miaka yote akiwa nje. Niliingia. Vumbi la sakafuni lilikuwa nene kama blanketi, na hapakuwa na unyayo wowote ila wangu. Nilikwenda mpaka mbele, mahali pa meza ya mwalimu, nikageuka kuyaangalia madawati.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti ikiita majina.

Ilijaa chumba kizima, sikujua inatokea wapi. Arlo, ikasema. Eunice. Harlan. Jina moja, pumzi, jina jingine, na hakuna aliyeitikia. Ilikuwa sauti ya mwanamume mzima, lakini wimbo wake haukuwa wa mwanamume. Ulianza juu, ukashuka katikati ya jina, ukapandisha mwishoni kama unauliza. Sikudhani ni mizimu. Wimbo ule ninaujua tangu tumboni. Ndio uliotuitia chakula kila jioni kutoka mlango wa jikoni, sisi watatu tukiwa tumejificha bustanini. Hakuna mtu mwingine duniani anayeita hivyo.

Ndiyo, Mama. Nimeshajua ni kilima gani.

Sauti iliita Irma, kisha ikanyamaza. Ilinyamaza kwa muda ambao mtu angeweza kusimama, kunyosha nguo, na kuitikia. Nilitazama kwenye kioo kilichofutwa nikamwona mwenye sauti, Delmar. Amesimama kwenye pampu, mtu wa makamo mwenye mvi, amevaa koti jekundu la mtoto. Mikono ya koti imeongezwa kitambaa, kisha kitambaa kingine, na kingine, kila kipande na rangi yake, mpaka ikafika kwenye viganja vyake vikubwa. Anatazama mlango usiokuwepo. Anasubiri jina lake liitwe ndani ya chumba kitupu, na ndani ya chumba kile nilikuwepo mimi.

Sasa naungama. Niliiba sauti yako. Sikufikiri. Niliita Delmar, kwa wimbo wako, nikianzia juu.

Alitupa ndoo aliyokuwa ameishika, akaja. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe, mbio za mtoto na uzito wa mtu mzima. Aliweka mguu mmoja kwenye ngazi. Uso wake, Mama, sitausahau mpaka naingia kaburini, ulikuwa wazi kabisa. Kisha macho yake yakazoea kiza akaniona. Akauliza kama ni mimi mwalimu. Ningeweza kusema ndiyo. Bibi Addie angelala usingizi, sherifu angebaki kwake, na mimi ningeweka alama yangu. Sikuweza kumdanganya. Alisubiri, akanichunguza, akauondoa mguu wake kwenye ngazi taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichokichukua kwa makosa.

"Sauti ni yake," akasema. "Wewe siye." Na alipoona ninalia akanihurumia, akaniambia nisilie, mwalimu atakuja, kwa sababu jina lake ameliweka.

Nimemweleza Bwana Lindgren. Hakuniamini. Asubuhi iliyofuata alipanda basi pamoja nami, akajibana mwili wake wote kwenye kiti cha nyuma, na pale getini Tessa alipopunga mkono aliangalia vizuri akaona pindo jekundu nyuma ya mierezi likitikisika. Alivua kofia, akaishika mapajani mpaka tukafika. Ofisini aliniambia nisiweke alama yoyote kwenye lile swali, sheria iseme isemavyo. Kisha akampigia simu sherifu, mtoto wa shangazi yake, akamwomba asubiri mpaka mwisho wa mwezi. Sherifu amekubali, lakini nyumba ya wazee haisubiri.

Sikukuandikia ili nikuhukumu. Ulikuwa na miaka ishirini na mmoja, mbele ya wanaume watatu wenye mashamba. Ningekuwa wewe sijui ningefanya nini, na kwa kazi yangu hii ya kujipa alama, nimeanza kuogopa kujua. Nakuandikia kwa sababu ya jambo ambalo lilinijia nikiwa natelemka kile kilima, na tangu hapo halijaniacha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukituita? Ulianza na Anton. Ukaja Corinne. Halafu ulinyamaza, kisha ndipo ukamwita Joel. Siku zote, miaka yote. Tulikuwa tunakutania kwa hilo. Joel alisema unanyamaza kwa ajili ya mbwa. Baba alisema unameza mate. Anton alisema kabla ya kumwita Joel lazima kwanza ujipe moyo. Wewe ulicheka nasi, ukapakua chakula. Mezani tulikuwa watatu, Mama, lakini mlangoni uliita wanne.

Njoo. Goti likikataa nitakubeba mgongoni, nami nimenenepa, nina nguvu. Nitakupokea uwanja wa ndege siku yoyote utakayoitaja kabla mwezi haujaisha, tulale kwangu, na asubuhi tupande basi. Nimeshaongea na Lavern. Alivaa miwani yake, akajifanya anakagua kioo, akasema kwamba kile kiti cha mbele, ukikipima vizuri, kinatosha watu wawili. Yeye atafungua mlango, kama kawaida. Wewe utaita tu jina moja.

Nisalimie Joel, umwambie kwamba pale katikati hapakuwa pa mbwa. Wasalimie na majirani wote wanaokuletea machungwa. Bibi Addie anakusalimu pia. Nilimwambia jina lako jana, akalirudia polepole, akasema ndilo, kisha akaniuliza kama ulipata watoto wako mwenyewe. Nilimjibu ulipata. Alifurahi.

Ninakusubiri, na si peke yangu.

Mwanao akupendaye,
Corinne